Neno Moja Kabla ya Kitengela

Mama alipofikisha miezi mitano kaburini, rafiki zangu wawili walikalia ndoo zilizopinduliwa mbele ya mlango wangu, pale Kajiado mjini, wakaniambia kwamba nimekuwa tatizo.

"Hulii, hucheki, hukasiriki," alisema mwalimu, ambaye alifundisha darasa la pili na alikuwa na tabia ya kuhesabu makosa ya watu kwa vidole. "Juzi maji yamepotea, ploti nzima inapiga kelele, wewe umekaa tu na beseni yako."

"Buda, umekuwa kama nguzo ya fensi," akaongeza fundi. Kazi yake ni kuchomelea mageti, kwa hiyo mifano yake yote hutoka huko huko.

Sikubishana nao, na nadhani hilo liliwaudhi zaidi. Ukweli ni kwamba sikuwa na huzuni. Watu hudhani mfiwa amebeba mzigo. Mimi sikuwa nimebeba kitu. Nilimzika mama bila chozi, wazee wakanisifu kwamba nimekuwa mwanamume kamili, nami nikaona hakuna haja ya kuwasahihisha. Nilikuwa nikiuza dawa za mifugo katika agroveti karibu na stendi. Niliweza kumwambia mfugaji kipimo cha dawa ya minyoo kwa kila ng'ombe wake bila kukosea, na jioni nisikumbuke uso wa mteja hata mmoja. Nilikula kwa sababu saa ya kula imefika.

Kwetu jina la marehemu halitajwi. Ni desturi ya Kimaasai ambayo hata sisi wa kanisani kila Jumapili tunaishika, na kwangu mimi ilikuwa nafuu kubwa. Hakuna aliyemtaja, nami sikumtaja, siku zikaenda.

Jambo moja sikuwaambia wale wawili kwenye ndoo zao. Wiki mbili nyuma, baba alikuwa amenipigia simu. Yeye anakaa ndani kabisa, mwendo wa saa mbili kwa bodaboda kutoka mjini, na hapendi simu. Huishika mbele ya uso na kuisemesha kwa sauti, kana kwamba ni mtu mkaidi. Alianza na nyasi, kwamba zimeisha. Akaja kwenye mvua, kwamba haijulikani. Kisha akasema, "Yule wa nyumba ile. Mfanyabiashara anapita wiki ijayo. Unaonaje?"

Nilielewa vizuri sana. Sitaki kujitetea hapa. Baba ana wake wawili, na kila mke ana ng'ombe wa nyumba yake ambao mume hauzi bila kuuliza. Mke akifa, ng'ombe hao ni wa wanawe wa kiume, na kwa mama nilikuwa mimi peke yangu. Ukame uliopita ulikuwa umemwachia ng'ombe mmoja tu, mjukuu wa yule aliyekuja naye alipoolewa. Alikuwa na jina, na hilo nalo sitaliandika, maana mama ndiye aliyempa. Kwa hiyo baba alikuwa ananiuliza kama inavyotakiwa, na kazi yangu ilikuwa kufikiri tu. Mbele yangu alisimama mteja aliyetaka dawa ya kupe. Nikasema, "Sawa, papa."

Baba akauliza, "Umesema sawa?"

"Sawa."

"Haya," akasema, na mimi nikampa mteja dawa yake ya kupe.

Mpango wa safari ulikuwa wa mwalimu. Jumamosi na Jumapili, Nairobi, kwa lifti tu, kwenda na kurudi. Yeyote atakayelipa nauli atawanunulia wenzake nyama. Si kwamba Nairobi tulikuwa wageni. Tuliifahamu kama mtu anavyomfahamu bosi wake: tunakwenda tukiitwa, na tunatoka mbio. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala huko usiku mmoja kwa kujitakia. Mwalimu aliamini kwamba nikisimama barabarani nikiomba, na magari yakinipita, na vumbi likiniingia machoni, angalau nitakasirika. Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno.

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa tumesimama nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Isinya. Fundi alinyoosha mkono kwa kila kitu kilichokuwa na magurudumu. Mama mmoja mwenye gari dogo alitutazama, akapandisha kioo. Mchungaji fulani alisimama, akatuombea, akaenda zake. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu alinitazama kuona kama nimecheka, nikamwonyesha meno ili apumzike.

Kisha likaja lori la ng'ombe, na dereva akasimama bila hata kuombwa.

"Mnaenda Nairobi? Utingo wangu ameenda matanga. Mnajua ng'ombe?"

Mwalimu akanisukuma mbele. "Huyu anauza dawa yao."

"Sitaki daktari, nataka mikono. Ng'ombe akilala kwa lori, wenzake wanamkanyaga, nafika na mzoga. Mmoja akishuka magoti, mnamwinua. Hakuna kulala."

"Sisi ama ng'ombe?" fundi akauliza.

"Wote."

Kando ya dereva aliketi mwenye mzigo, mzee wa Kimaasai mwenye kofia, shuka limepitishwa juu ya koti. Tukapanda, tukakalia vyuma vilivyokingama juu ya bodi, miguu ikining'inia juu ya migongo ya ng'ombe kama kumi na wanane, waliopangwa mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Dereva akaturushia fimbo mbili, tukaondoka.

Upepo ulikuwa mkali na wa baridi. Fundi alipiga miluzi. Mwalimu alifunga leso kichwani na kusema kwa sauti kwamba Jumatatu wanafunzi wake hawataamini. Mimi nilijua ni upepo, nilijua ni asubuhi nzuri, kama mtu anavyojua jibu la mtihani wa mtu mwingine.

Hatukuwa tumeenda mbali ng'ombe mmoja mwekundu alipopiga magoti. Fundi alimgonga kwa fimbo kutoka juu, hakuna. Nikashuka kwenye ubavu wa lori, nikajibana kati ya matumbo yao, nikashika mkia wake na kuukunja. Ng'ombe anayekunjwa mkia huamka haraka, na huyo aliamka. Nilipogeuka nipande, sikio la jirani yake lilikuwa karibu na uso wangu: mikato miwili nyuma ya sikio la kushoto. Ni alama ya kwetu. Nikatazama bega, na kovu lilikuwepo, refu, lisiloota manyoya.

Kovu lile nililitibu mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya dawa. Mama alikuwa ameshika pembe za ng'ombe na kunicheka. "Daktari, mbona mkono wako unatetemeka kuliko mgonjwa?"

Ningependa kuandika kwamba moyo ulinipasuka. Nilichowaza ni, ah, ni yeye, kama mtu anapokutana na jirani yake benki. Nikabaki pale chini, mkono juu ya mgongo wake, kwa sababu lori lilikuwa linayumba na mkono ulihitaji pa kushika.

"Umekwama?" mwalimu akaita.

"Hapana. Huyu ni ng'ombe wetu."

Ilibidi nipande juu niwaeleze, yote, pamoja na ile simu ya baba na ile sawa yangu. Fundi aliacha kupiga miluzi. Mwalimu hakunilaumu, jambo ambalo si kawaida yake. Alifikiri, kisha akauliza, "Mama yako mdogo si anakaa Kitengela? Yule mwenye banda la ng'ombe wa maziwa?"

Ni kweli. Mdogo wake mama ana shamba dogo Kitengela, na banda lake lilikuwa tupu tangu ule ukame. Siku ya mazishi alinishika mashavu na kuniambia nisimwonee haya kwa lolote. Na lori letu lilikuwa linapita Kitengela, mita chache kutoka kwenye njia ya kwake.

"Basi ashukishwe hapo," akasema mwalimu. "Ni rahisi hivyo. Mwambie mwenye mzigo."

Lori liliposimama Isinya, dereva akiangalia tairi, mimi nilibaki nimekaa. Fundi ndiye aliyekwenda kwenye kibanda cha chai alikokuwa yule mzee, na baada ya dakika chache akarudi. "Anakutaka wewe."

Mzee alikuwa anapuliza chai. "Supa," akanisalimu.

"Ipa."

"Ni kweli wanayosema marafiki zako?"

"Ni yeye."

"Baba yako aliniambia uliulizwa."

"Niliulizwa."

"Ukasema?"

"Nilisema sawa."

Akanywa chai taratibu. Nilimtazama kofia badala ya macho. "Kijana wangu," akasema, "watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Haya bado yako kwa ndoo. Mimi nilinunua huyu ng'ombe kwa neno lako. Ukisema lingine, namshukisha Kitengela kwa huyo mama yako mdogo, na mimi na baba yako tutaelewana, tumejuana miaka mingi. Lakini useme wewe. Siwezi kusikia kwa huyu fundi, wala kwa mwalimu. Hata baba yako hawezi kusema. Mzee akishindwa kuuza ng'ombe mmoja na kiangazi iko mlangoni, watu wanamcheka. Wewe mwenye nyumba ukikataa, hiyo imeisha, hakuna wa kucheka. Tukifika Kitengela nitakuuliza mara moja."

Nikamshukuru. Nilimshukuru vizuri, kwa adabu zote, kama ninavyowashukuru wateja.

Kutoka Isinya hadi Kitengela nilikuwa na muda wa kutosha, na sitasingizia muda. Mwalimu alinifundisha la kusema, polepole, kama ninaingia darasa lake: sikubali aende, ashuke hapa. Fundi alisema yeye mwenyewe atamwongoza hadi kwa mama mdogo, aahirishe Nairobi, Nairobi haikimbii. Chini yetu ng'ombe alikuwa amesimama imara, kichwa kimeelekea upande wangu. Nilijaribu kuona banda la mama mdogo na yeye akiwa ndani. Niliona banda vizuri. Nikaona jinsi jioni zitakavyokuwa, mtu atakwenda kumkamua, na mtu huyo hatakuwa mama, na nitapigiwa simu kuambiwa amezaa, ama ni mgonjwa, na kila simu itanitaka niwe mtu wa mtu fulani. Nilichoka kabla hata hatujaona ghorofa za kwanza za Kitengela.

Lori lilipunguza mwendo, likasimama kando ya barabara. Mzee akashuka, akaja hadi ubavuni, akainua uso. Magari yalikuwa yamejaa nyuma yetu, wauza matunda wanapita na vikapu, na njia ya kwa mama mdogo niliiona, vumbi lake, kibao cha duka lililo kwenye kona.

"Kijana?" akasema.

Nilifungua mdomo. Mwalimu alinifinya mkono, kwa nguvu, mpaka kucha zikaingia. "Sema," akaninong'oneza. "Sema tu neno moja."

Sikuwa nimeamua kunyamaza. Nataka hilo lieleweke, hata kama halinisaidii. Nilikwenda kulitafuta lile neno mahali ambapo maneno huwa, na hapakuwa na kitu. Mzee alisubiri. Gari la nyuma likapiga honi, halafu la pili. Mzee akatikisa kichwa mara moja, bila hasira, akarudi mbele, mlango ukafungwa, lori likaondoka. Tulivuka Athi River na kuingia Mombasa Road.

Jijini, kabla ya kufika kichinjioni, tulikwama kwenye foleni juani kwa muda mrefu, na hapo ndipo ng'ombe wetu alipolala. Lori lilipofika na kurudi nyuma hadi kwenye mteremko wa saruji wa kushushia, wenzake walitoka wakimruka na kumkanyaga, na yeye alibaki kwenye sakafu ya lori, shingo imenyooka. Fundi alikunja mkia. Dereva akakunja mkia, akampiga kwa fimbo, akamziba pua. Mtu mmoja wa kichinjio, mwenye buti nyeupe, akasema wamburute kwa kamba.

"Ngojeni," nikasema. Hilo neno lilipatikana.

Mama alikuwa na namna yake ya kuwaita ng'ombe jioni. Aligonga ulimi mara mbili, kisha akatoa sauti ndefu ya chini kutoka kifuani, si wimbo na si neno, na mwisho wake aliupandisha kidogo kama anayeuliza. Mke mwingine wa baba alijaribu kuuiga mwito huo, ng'ombe wakaendelea kula. Mimi niliujua kwa sababu utotoni nililala mgongoni mwa mama akiutoa, na niliusikia kupitia mifupa kabla ya masikio.

Nikachuchumaa mbele ya uso wa ng'ombe. Nikagonga ulimi mara mbili, nikatoa ile sauti.

Masikio yalikuja mbele kwanza. Akatoa pumzi, akajiinua nyuma, akajiinua mbele, akasimama akitetemeka, akanusa kifua changu. Nilirudi nyuma hatua moja, akaja hatua moja. Nikageuka, nikashuka mteremko wa saruji, naye akanifuata bila kamba, pua yake karibu na kiwiko changu, mpaka kwenye lango ambalo wengine walikuwa wameingia. Wanaume wa pale walicheka. "Huyu amekuja na mbwa," mmoja akasema. Mtu wa buti nyeupe akafungua lango, mimi nikasimama kando, ng'ombe akapita.

Kisha fundi akanishika bega tukaenda zetu.

Mengine ya jiji ni machache. Tulikula chipsi. Tulipata chumba chenye vitanda vitatu katika hoteli ndogo, nikaoga mara mbili na harufu ikabaki mikononi. Fundi alitaka kuona magorofa kutoka juu, tukapanda mahali fulani tukaona magorofa. Nilipiga picha walivyotaka. Mwalimu hakuzungumza nami tangu kichinjioni. Jumapili tulirudi juu ya pikapu ya kabichi hadi Kitengela, kisha ndani ya gari la muuza magodoro hadi Kajiado, na hakuna aliyelipa nauli, kwa hiyo hakuna aliyewanunulia wenzake nyama. Tulipopita kona ya kwa mama mdogo nilitazama upande mwingine.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama tulipofika kwenye ploti. Mwalimu aliingia kwake, akatoka na beseni, akaanza kuanika nguo za shule za wiki. Mimi nilikaa kwenye ndoo yangu. Simu ikalia. Alikuwa baba, na nyuma yake nilisikia kengele za mifugo inayorudi nyumbani.

Hakuanza na nyasi, wala mvua. "Mfanyabiashara amenipigia," akasema. "Anasema ulikuwa kwenye lori."

"Ndiyo, papa."

"Anasema alilala, wakashindwa, ukamwita, akasimama."

"Ndiyo."

Kengele zilipita karibu na simu, zikaenda mbali. "Ulimwita vipi?"

Nilitazama huku na huku kama mwizi. Nikagonga ulimi mara mbili, nikatoa ile sauti, yote, pamoja na pale mwisho inapopanda.

"Rudia," akasema baba.

Nikarudia.

"Tena."

Mara ya tatu sauti yangu haikufika mwisho. Baba alikuwa anapumua karibu kabisa na simu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ameiweka sikioni.

"Kila jioni alikuwa anasimama mbele ya mlango wa nyumba ile, analia," akasema. "Kila jioni. Nisingeweza kuwaambia watu kwamba simuuzi kwa sababu hiyo. Nilikupigia ili ukatae."

Akakata. Nilibaki na simu mkononi, nikimtazama mwalimu akibana shati kwenye kamba. Kisha nikamwona ameangusha shati na anakuja mbio, vibanio bado viko mdomoni, na sikuelewa anakimbilia nini mpaka aliponifikia na kunishika kichwa, na ndipo nikasikia kwamba anayelia kwa sauti namna ile ni mimi.